Kisomo cha Ndege wa Madoa

Asubuhi ile Huwaida, jirani yetu wa Kizingitini, alianika papa wake juani, akajifunga buibui na kwenda msituni nyuma ya makaburi. Kila kusi ikianza, ndege wa madoa hufika pale kutoka nchi za mbali za kusini. Si wa kukaa matawini. Hutembea chini ya miti wakichakura majani makavu. Wamebaki wachache duniani, na msitu wenyewe ulikuwa umebaki kipande tu, ambacho Huwaida na wanawake wenzake walikilinda kwa zamu kila msimu wa ndege.

Alipofika hakukuta kivuli. Miti yote ilikuwa imeangushwa na kubebwa, visiki bado vinatoka utomvu. Ndege walikuwa wameshawasili. Walizunguka juani wakichakura mchanga mtupu, midomo wazi. Waliokufa walikuwa na sisimizi machoni. Mmoja alimjia Huwaida hadi miguuni, akajibanza kwenye kivuli cha buibui lake, akafia hapo hapo.

Huwaida hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Madi wa madrasa, akataka aliyekata msitu asomewe halbadiri, kisomo cha kumlaani mkosaji.

"Tumtafute kwanza, tuseme naye," Mwalimu alimsihi. "Nikishasoma, sina ndia ya kurejesha."

"Soma."

"Hata akiwa mtu wako?"

"Soma, Mwalimu."

Kikasomwa baada ya alasiri, ubani ukifuka.

Jioni alimpakulia mumewe wali akimweleza. Sadiq alikuwa mchoma chokaa, mtu wa maneno machache. Tonge lake liliishia hewani.

"Mushasoma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Imesomwa."

Sadiq akanawa mikono, sahani bado imejaa. Ndipo Huwaida alipouona utomvu uliogandia kwenye kucha zake.

"Tanuri halikuwa na kuni," Sadiq alinong'ona. "Nalijua ungenikataza."

Huwaida alikimbia kwa Mwalimu bila viatu. Mwalimu hakufungua. Alimsikia tu upande wa pili wa mlango, akilia.

Siku za kwanza hakukutokea kitu, hata wakaanza kucheka tena. Kisha Sadiq akaacha kukaa kitini. Akawa anashinda amechutama uani, kichwa kakiinamisha upande, akikwaruza ardhi kwa vidole vya miguu. Kifuani yakamtoka madoa meusi mfano wa matone. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mwalimu alimwandikia kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, akalinywa, akalitapika lote. Ndani yake mlikuwa na minyoo ya ardhini, mizima, inajinyonganyonga.

Mtu aliyekuwa akibeba mawe ya tanuri kichwani, sasa mkewe alimwinua kwa mkono mmoja kwenda kumwosha.

Kusi ilipokatika, ndege wachache waliosalimika wakaanza kuondoka. Sadiq alijua kabla ya mtu yeyote.

"Wanaondoka," alinong'ona. "Nifungulie dirisha."

Huwaida alimfungia kwenye chumba cha ghorofani, akalipigilia misumari dirisha la mbao linalotazama kusini, akakaa nje ya mlango. Sadiq akaanza kujigonga kwenye mbao. Bega. Paji la uso. Bega tena. Jua likapanda mpaka utosini, naye hajapumzika.

"Huwaida. Nionee huruma."

Huwaida aliegemea mlango. Alikuwa akimpenda, na aliamini akimfungulia hatamwona tena. Akaziba masikio kwa viganja.

Kishindo.

Kishindo.

Kimya.

Alipofungua, Sadiq alikuwa amelala chini ya dirisha, shingo imevunjika, macho yameelekea kusini. Waliomwosha hawakusema walichokiona mgongoni. Waliobeba jeneza walitazamana njia nzima. Ilikuwa kama wamebeba mbao tupu.

Baada ya hitima, Huwaida alimwita fundi aje kung'oa misumari. Fundi alipanda ngazi kwa nje ili azigonge ncha za misumari zirudi ndani, akakaa huko kitambo, akashuka bila kugusa msumari hata mmoja. Ndani, mbao zilikuwa na damu, kama ilivyotarajiwa. Lakini upande wa nje, juu kule ambako ukuta hauna pa kukanyaga, zilikuwa zimechimbwa kwa kucha nyembamba, safu juu ya safu, zikabaki unene wa kadi. Vumbi la mbao lilikuwa limejaa kichochoroni, na juu yake hapakuwa na unyayo wa mtu.