Jina la Chini ya Kikombe

Wengi wakisimulia mambo ya namna hii husema yalimpata jirani wa binamu ya mtu fulani. Mimi sina wa kumsingizia. Yalianza na mdomo wangu mwenyewe, na mtoto yaliyompata ni wa ndugu yangu wa tumbo moja, Kabiru.

Desemba ya mwaka juzi Kabiru aliamua tuache shughuli za Kitale tukapumzike siku mbili. Alikuwa amepata kwenye simu nyumba ya wageni bondeni, mbele kidogo ya Saboti. Vyumba viwili, mabati mekundu, jikoni yenye kila chombo. Wewe unabeba unga na mboga zako, unajipikia kama kwako. Tukaenda: yeye, mkewe Pauline, binti yao wa miezi mitatu, na mimi Nyaguthii, dada mkubwa asiyejua kukaa kimya.

Mtoto aliitwa Gathoni, jina la mama yetu, maana kwetu binti wa kwanza huitwa kwa mama ya baba yake. Mama alikuwa amelingoja jina hilo miaka mingi. Mimi nilizaa wavulana watupu, Mbogo na wadogo zake, na Kabiru ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, tena alichelewa kuoa. Kila Mama alipompakata mtoto alisema, "Huyu ni mimi. Hata nikienda, sijaenda."

Pauline ni Mbukusu wa Ndalu. Kwao mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa, na mimi nilizoea kumtania juu ya hilo. Nilimwambia watu wake wanatembea na makaburi midomoni. Yeye alicheka tu, kwa sababu ni mvumilivu, na mimi nikaona nimesema jambo la maana.

Aliyetupokea ni Wilkista, mama mzee aliyeitunza ile nyumba na kuishi kibanda cha nyuma. Alituonyesha gesi, kuni, na ndoo za maji kwa sababu mfereji ulikauka mchana. Kisha akatuachia funguo. Bonde lilikuwa zuri. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, ng'ombe wakapita, na jioni ile tulikula ugali kwa mrenda tukalala vizuri.

Asubuhi ya pili niliosha vyombo. Nyuma kabisa ya rafu nilikuta kikombe kidogo cha bati, cha mtoto, rangi imebambuka ukingoni. Chini yake mtu alikuwa amekwangua jina kwa msumari: NAKHUNGU. Nikakisugua, nikakianika pamoja na vingine.

Saa tisa mchana Gathoni alianza kulia.

Kabiru alikuwa ameenda Saboti kununua nyama, na mvua ikamfungia njia huko. Tulibaki wanawake wawili na mtoto. Pauline akampa ziwa, akalikataa. Tukamvua nguo tukatafuta mdudu, hatukuona kitu. Nikambeba mgongoni, nikatembea naye sebuleni, nikaimba nyimbo zote nilizolea nazo wanangu. Hakunyamaza. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikakaribia. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, na midomo yake ilikuwa inabadilika rangi.

Wilkista akaja bila kuitwa. Alisimama mlangoni na gunia kichwani, mvua inamtiririka, akamsikiliza mtoto kwa muda.

"Hii mtoto analilia jina," akasema.

"Ako na jina," nikamwambia.

"Hiyo yenye mlimpea, pengine ameikataa." Akamgeukia Pauline. "Msichana wangu, taja watu wenu. Wale walitangulia. Moja moja."

Pauline akanitazama. Niliona ameogopa, na niliona pia kwamba anataka kufanya hivyo. "Mama Mbogo, wacha tujaribu. Kwetu wanafanyanga hivi. Mtoto akisikia mwenye anamtaka, ananyamaza."

Akaanza. Alimtaja nyanya yake, akangoja. Mtoto akalia. Akamtaja shangazi wa baba yake, kisha mwingine aliyefia Naitiri. Kila jina Wilkista alilirudia polepole karibu na sikio la mtoto. Mtoto akalia. Mimi nikakasirika. Walikuwa wananipokonya mama yangu mbele ya macho yangu, jina kwa jina, na niliona ni lazima niwachekeshe au niwaaibishe waache.

"Mkimaliza wafu wa Ndalu, jaribuni basi wa kikombe," nikasema. "Nakhungu. Nakhungu, nyamaza bana."

Mtoto akanyamaza.

Hakupunguza kilio kwanza. Alikata katikati ya pumzi. Kisha akageuza shingo, shingo ambayo wiki hiyo ilikuwa bado haijakomaa, akaniangalia.

Nilisikia mvua juu ya mabati. Wilkista alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

"Nani alikwambia hiyo jina?" akanong'ona.

Nikamwonyesha jikoni kwa kidole. Hakwenda kuangalia.

"Ni ya mtoto wa wenye walikaa hapa zamani," akasema. "Aligonjeka hapa, akakufa hapa. Alikuwa wa miaka nne. Wazazi walihama, hawakupata mwingine. Hakuna mtu amewahi kurithi hiyo jina." Alijifuta uso. "Mama, unaitanga wafu wako. Hauitangi wa mtu mwingine. Wako anakuja kubariki. Huyu hakuwa na mahali pa kwenda."

"Basi mrudishe," Pauline akasema.

"Mimi? Si mimi nimemwita."

Nikamchukua mtoto. Nikamwambia, Gathoni. Akafungua mdomo akalia. Nikasema tena, Gathoni, Gathoni wa mama. Akalia hadi akatapika. Pauline akanipokonya, akamgeuzia ukutani, akanong'ona lile jingine. Kimya. Mtoto akashika ziwa akanyonya, macho wazi, akiniangalia chini ya mkono wa mama yake.

Kabiru alipofika tulikuwa tumefunga mizigo. Tukaondoka jioni ile ile.

Tuliomba. Mchungaji alikuja nyumbani mara tatu, akapaka mafuta, akakemea. Daktari alimpima akasema mtoto ni mzima. Lakini Pauline alikataa katakata kumwita Nakhungu tena, na kwa mwezi mzima mtoto alilia. Alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Kabiru naye alikonda. Mwishowe nilimsikia usiku mmoja chumbani, ndugu yangu, mwanamume mzima, akilia na kusema, "Nakhungu. Nakhungu, lala." Na nyumba ikatulia. Tangu siku ile ndilo jina lake. Alinenepa, akaota meno, akawa mtoto wa kucheka.

Ila hakukubali kushikwa na Mama. Hata kidogo. Mama alikuja kila Jumapili akiwa na ndizi mbivu ndani ya kiondo, akanyoosha mikono, na mtoto akajikunyata kama aliyeonyeshwa moto. Tulimficha sababu. Tulisema ni meno. Jumapili ya nne alikaa kochini muda mrefu na mikono mitupu, kisha akaniambia, kwa sababu mimi ndiye mkubwa, nimweleze yote. Nikamweleza. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Hakunikaripia. Alimtazama mtoto aliyekuwa akicheza kwenye mkeka.

"Sawa," akasema. "Huyu ni Nakhungu. Sasa Gathoni wangu yuko wapi?"

Aliuliza hivyo hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Tukadhani ni uzee.

Machi, siku ya Jumamosi, saa tisa na dakika chache, Wilkista alinipigia simu. Tulikuwa sote kwa Kabiru. Nikaweka sauti kubwa wasikie, kwa sababu sikutaka tena kuwa na siri.

"Mama, samahani," akasema. "Wageni wananihama. Hawamalizi siku mbili. Wanasema kuna mtoto analia chumbani mchana. Mchanga sana, wa miezi tu. Na mimi nimemsikia."

Pauline alikaa chini.

"Nilimtajia watu wa hapa wote," Wilkista akaendelea. "Nikamtajia hata watu wangu. Anakataa. Mama, nyinyi mlikuwa mnamwita nani?"

Nyuma ya sauti yake tulikisikia kile kilio. Kilikuwa mbali, kimekwaruza, na kila mmoja wetu alikijua. Kwenye mkeka Nakhungu aliendelea kuchezea vifuniko vya chupa. Hakuinua kichwa.

Mama akaja akaichukua simu mkononi mwangu. Akaileta karibu kabisa na mdomo.

"Gathoni," akasema. "Ni mimi."

Kilio kikakatika.

Tukangoja. Hakikurudi. Tulisikia Wilkista anapumua, na mvua kwenye mabati ya bonde lile, ilhali Kitale jua lilikuwa linawaka. Mama alinirudishia simu, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akauliza viatu vyake viko wapi.