Maharagwe ya Siku Mbaya

Wambura alipika ugali jua likiwa bado juu. Alikula na mumewe Kivuti na binti yao Njoki, mtoto wa karibu miaka mitatu. Walikula upesi, bila mazungumzo. Kisha Wambura alimwaga maji motoni akafunga mlango. Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni.

Hakuna aliyewalazimisha kula hivyo. Ilikuwa mwaka wa 1959, na walikuwa wamerudi kwenye shamba lao karibu na Kianjokoma miezi mitano iliyopita. Lakini kabla ya hapo walikuwa katika kijiji cha hali ya hatari, ambamo serikali ya kikoloni iliwafungia watu wakati wa vita vya Mau Mau, kikiwa kimezungukwa na handaki. Huko homugadi, walinzi wenyeji wa serikali, walipiga filimbi saa kumi na moja, na ole wake mtu ambaye moto wake ulionekana baadaye. Mchana kutwa akina mama walichimba barabara. Walikula mara moja kwa siku, ugali na chumvi. Aliyevuka handaki kuchuma mboga alichapwa viboko.

Kijiji walikiacha, lakini mazoea ya kijiji yalihama pamoja nao. Nyuma ya nyumba terere, ule mchicha wa kienyeji, ilijiotea yenyewe, majani mapana. Wambura aliiruka kila asubuhi kama mtu anayeruka mawe.

Na maharagwe yalikuwepo. Wambura alikuwa amevuna vizuri msimu ule. Aliyachanganya na majivu, akayajaza katika chungu na kukizika chini ya migomba. Hapo hapo palikuwa na chungu kingine, alichokizika mwaka ambao nyumba yao ya kwanza ilichomwa pamoja na ghala. Tangu siku ile aliapa kwamba chakula chake hakitaonekana tena na jicho la mtu. Kivuti alipoomba yapikwe kidogo, alikataa. Alisema hayo ni ya siku mbaya, na akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli, ila wadudu wa maharagwe hawajawahi kuisikia.

Kivuti hakubishana. Alikuwa amekaa kizuizini miaka miwili, na mambo mabaya zaidi yalimpata mkewe akiwa peke yake. Katika miaka hiyo mzaliwa wao wa kwanza, Munyi, aliugua kijijini akafa. Kivuti hakumzika mwanawe. Mpaka wakati huo alikuwa hajauliza mengi.

Njoki alikuwa na mashavu ya mviringo. Miguu yake ilijaa. Wanawake waliokwenda mtoni walimsifu, na Wambura alifurahi. Kivuti alimtania mtoto kwamba amekuwa mzee wa baraza, maana alikaa tu mlangoni, hachezi, hasemi. Nywele zake zilikuwa laini na zimegeuka rangi ya udongo.

Siku moja mchana alipita Marcella. Marcella alikuwa mwanamke wa eneo lile lile, mjane, aliyefundishwa kazi ya kuhudumia watoto katika zahanati. Alitembelea nyumba za watu waliorudi mashambani. Alimtazama Njoki, akaacha kusalimia. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Mama Njoki, njoo uone hapa," alisema. "Hii si nyama. Ni maji."

Wambura alitazama lile shimo. Lilikawia sana kujaa.

Marcella alieleza polepole. Ugali unampa mtoto nguvu, lakini haujengi mwili. Mtoto anayekula ugali mtupu huvimba miguu na uso, nywele zikabadilika, akanyamaza. Watu humwona amenenepa, kumbe anaisha. Mwili wake unataka maharagwe, kunde au njahi, maziwa, mayai na mboga za majani. Na tumbo lake ni dogo. Haliwezi kungoja jioni.

"Una maharagwe?" Marcella aliuliza.

"Sina," Wambura alijibu.

Kivuti aliinua macho, akayashusha tena.

Marcella alisema mtoto aletwe zahanati kesho asubuhi, asicheleweshwe hata siku moja. Alikuwa ameshaelekea njiani Wambura alipomwita.

"Munyi wangu alikuwa hivi," alisema. "Miguu hivi hivi. Watu walinipongeza."

Marcella alirudi akasimama karibu naye.

"Hata mimi wakati ule nisingejua kukwambia," alisema. "Nimefundishwa mwaka jana tu."

Wambura alichukua jembe. Alikwenda chini ya migomba mchana ule ule, mbele ya mgeni na mbele ya njia ya watu wote, akachimba. Chungu kipya kilitoka kizima, maharagwe yakiwa mekundu na yanang'aa. Alipofungua kile cha zamani hakukuta maharagwe. Alikuta unga mweusi na maganda yenye matundu.

Aliketi chini kwenye udongo. Alisema kwamba shamba hili lilikuwa karibu na kijiji. Walipopewa ruhusa ya kulima alipita juu ya chungu hiki kila mara, Munyi akiwa mgongoni, akajizuia kukifukua.

"Nilikuwa naingoja siku mbaya," alisema. "Na ilikuwa imefika."

Alilia kwa sauti. Kivuti alikuja, akaketi naye kwenye udongo. Siku hiyo ndipo alipouliza mtoto alizikwa wapi, na akaonyeshwa.

Asubuhi walimpeleka Njoki zahanati. Alikaa huko siku kumi na mbili, akipewa maziwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kabla hawajatoka, Marcella alimwonyesha Wambura namna ya kupika. Maharagwe yalowekwe, yachemshwe mpaka yawe laini kabisa, yatolewe maganda, yapondwe pamoja na viazi na terere. Mtoto ale asubuhi, mchana na jioni, na katikati apewe uji. Kuku alikuwepo, basi mayai yawe ya mtoto, hata kama wazee humkataza mtoto mayai.

Uvimbe uliposhuka, Njoki alionekana mwembamba kama kijiti. Wambura aliogopa, akataka kurudisha ugali mtupu uliomnenepesha. Lakini Marcella alikuwa amemwonya: maji yanatoka, sasa ndipo nyama itaingia. Alivumilia. Maharagwe yalikaa jikoni, mahali pa kuonekana.

Baada ya miezi miwili Njoki alikimbiza kuku. Na alianza kulia. Alilia chakula kikichelewa, alilia sahani ikiondolewa, akapiga miguu chini.

Jioni moja, saa kumi na mbili imepita na moto bado unawaka, alilia hivyo mpaka Kivuti akasema, "Huyu mtoto atatutoboa masikio. Mpe basi anyamaze."

Wambura alikuwa ameshika mwiko, chakula kiko tayari. Hakupakua mara moja.

"Munyi hakulia," alisema. "Mwisho hakulia hata kidogo. Mimi nikawaambia watu nimepata mtoto mtulivu."

Kisha akapakua, na Njoki akanyamaza, akala.