Ufunguo wa Mlango wa Pasaka

Jumatatu, tarehe 22 Aprili 2024, Tirza aliamka mapema kumsaidia mama yake kufagia makombo ya mkate, kama walivyofanya kila mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ambayo chachu hailiwi, nyumbani kwao Melbourne. Lakini safari hii alikuwa akiutazama mlango kila mara. Jana yake alikuwa ametazama filamu ya katuni kuhusu Waisraeli walivyotoka Misri. Humo aliona kivuli kama moshi kikipenya chini ya milango na kuwaua wanaume wazaliwa wa kwanza.

Baba yake alivaa koti. "Naenda sinagogi. Wazaliwa wa kwanza tuna ibada yetu leo."

Tirza akaacha kufagia. Kumbe Baba naye ni mzaliwa wa kwanza!

Baba aliporudi, Tirza alifunga mlango wa mbele, akautumbukiza ufunguo katika kabati la biskuti. Punde Mama akalizungushia kabati hilo kitambaa. Lisingeguswa mpaka sikukuu iishe, maana biskuti nazo hazikuliwa siku hizo.

Usiku, mezani, walisimulia mapigo kumi ya Misri, wakidondosha tone la divai kutoka vikombeni kwa kila pigo, na kila kishindo cha upepo kilimshtua Tirza. Hatimaye Bibi Perla akasema, "Tirza, mjukuu wangu, mfungulie nabii Eliya mlango, kama ilivyo desturi yetu usiku wa Pasaka."

Tirza hakuinuka. Mdogo wake, Yoni, alikwenda, akakitikisa kitasa bure.

"Bibi, labda nabii aje na fundi wa kufuli!" alicheka. "Au kuna mwoga anayeogopa katuni?"

"Ufunguo nimeuficha mimi!" Tirza aliangua kilio. "Uko kwenye kabati la biskuti. Kile kivuli kitamchukua Baba!"

Baba alilegeza kitambaa, akautoa ufunguo, kisha akamshika binti yake mkono. Walifungua mlango pamoja. Nje palikuwa na mwezi na majani makavu tu. Tirza alisimama pale mpaka pumzi zikatulia.

Bibi akamkalisha kando yake. "Uliona tulivyodondosha divai kwa kila pigo? Waliokufa kule Misri nao walikuwa na mama zao, ndiyo maana tunavipunguza vikombe vya furaha yetu. Kuguswa na mambo hayo si aibu. Kosa lako ni kuificha hofu na kutufungia ndani. Mishumaa hii inawaka. Moto ungeshika jikoni, tungetokea wapi? Ukiogopa, sema."

"Nitasema, Bibi."

Nawe uliyesoma, msimulie kisa hiki mwenzako mmoja anayeogopa kimyakimya.