Wiki ya Hamsini na Mbili ya Aminah

Kufuli lilikatika saa tisa na dakika kumi mchana.

Nakumbuka saa kwa sababu Sifuna alikuwa nje kwenye pikapu, ananipigia simu kila baada ya dakika mbili.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Nerima, hilo ni kufuli ama geti la benki? Harakisha!"

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya kitanda cha dada Aminah, msumeno wa chuma mkononi, sanduku lake la bati mbele yangu. Begi langu lilikuwa mlangoni, limefungwa tayari.

Ndiyo. Nilikuwa namwibia mwanamke niliyeishi naye chumba kimoja miaka miwili.

Tulieni jamani! Matusi yenu nitayasoma yote kwenye komenti. Kwanza nisikilizeni.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya. Nilikuja Kampala kutafuta maisha, nikapata kazi ya kuhudumu kwenye baa moja Kansanga. Aminah ni Mnubi wa Bombo, alikuwa anauza vitambaa kwenye duka la jumla la watu Kisenyi. Tulikutana kwa dalali, wote wawili tukitafuta chumba, hakuna aliyeweza kodi peke yake. Tukachangia.

Mwanzoni mwa mwaka, Aminah akaniletea habari ya chalenji ya kuweka akiba.

Wiki ya kwanza unaweka elfu mbili. Ya pili elfu nne. Ya tatu elfu sita. Unapanda hivyo hivyo mpaka wiki ya hamsini na mbili, unaweka laki moja na elfu nne. Jumla, milioni mbili laki saba na hamsini na sita elfu.

"Mimi nanunua cherehani na mashine ya ovaloki ya kumalizia pindo," aliniambia. "Natoka kwa duka ya watu. Nashona yangu. Nerima, tufanye pamoja?"

Nilianza. Wiki ya nne nikanunua wigi.

Yeye hakuacha. Alichora chati yenye vyumba hamsini na viwili, akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Kila Jumapili asubuhi alitumbukiza pesa kwenye tundu la sanduku, akapaka chumba kimoja rangi ya kijani, akapiga picha, akaweka status. Watu wanampigia makofi... "Hongera sista!" "Unatutia moyo!"

Na alikuwa na sheria yake moja.

"Hii sanduku haidanganywi," alisema. "Ukitoa pesa, unaweka karatasi ya kusema imeenda wapi."

Mimi niko kitandani kwangu na hangover, sina hata mia. Ile kijani ilikuwa inaniuma macho. Nasema ukweli wangu, nilimchukia kwa ajili ya ile chati.

Wiki ya thelathini na tatu nikaanguka kazini.

Kidole tumbo. Kilikuwa kimekaribia kupasuka! Nilipasuliwa usiku uleule, na nilipozinduka Aminah alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu.

"Nani amelipa?" nikauliza.

"Jamaa yangu ya Bombo wamechanga. Wewe lala."

"Nisije nikadaiwa na mtu mimi, dada. Afadhali mngeniacha nife."

"Nimesema wamechanga. Lala."

Nikalala. Sikuuliza hata jina moja la mtu wa kushukuru.

Wiki hiyohiyo Aminah alipoteza kitambulisho chake cha taifa. Akakosa kusajili laini ya simu, akakosa mpaka kutoa pesa zake kwa wakala. Nilimcheka.

"Mtu anajua kupaka rangi vyumba hamsini lakini hajui kutunza kadi moja!"

Akacheka na yeye.

Chati ikaendelea. Thelathini na nne, kijani. Arobaini, kijani. Ila kuanzia ile ya thelathini na nne alikuwa anakunja pesa yake ndogo sana kabla ya kuitumbukiza, huoni noti. Nikasema moyoni, ameanza kunificha. Sawa!

Ndipo Sifuna akaingia kwenye stori. Dereva wa pikapu, mtu wa kwetu, maneno matamu. Nilipomwonyesha status ya Aminah, aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Hiyo chati inasema ukweli?"

"Aminah hajui kudanganya."

"Basi tunajua kilichomo mpaka shilingi ya mwisho. Twende Busia, tufungue duka la mitumba, nikuoe."

Nikuoe! Wasichana, hilo neno limefunga watu.

Tukangoja wiki ya hamsini na moja. Milioni mbili laki sita na hamsini na mbili elfu. Ile ya mwisho tulimwachia. Tulijiona tuna huruma!

Haya, turudi kwenye kufuli.

Likakatika. Nikafungua kifuniko.

Karatasi.

Nikaingiza mkono, nikachakura mpaka chini... Hakuna noti hata moja! Karatasi zilizokunjwa ndogo ndogo, kumi na tisa. Nikakunjua ya juu kwa hasira. Nilikuwa namtukana Aminah kwa sauti, mwongo mkubwa, mnafiki, anadanganya watu kwenye status!

Ilikuwa risiti ya hospitali. Laki moja na elfu mbili.

Mgonjwa: Nerima Celestine.

Nikakunjua nyingine. Laki moja. Jina langu. Nyingine. Elfu tisini na nane. Jina langu. Kila wiki, ile pesa ya chati, kwa jina langu!

Ya chini kabisa ilikuwa kubwa kuliko zote. Milioni moja laki moja na ishirini na mbili elfu, tarehe ya asubuhi baada ya kupasuliwa. Hiyo ilikuwa akiba yake yote ya wiki thelathini na tatu. Chini wameandika: salio litalipwa kila wiki. Dhamana, kitambulisho cha taifa cha Aminah Ramathan.

Nilikaa chini sakafuni.

Sifuna akaingia mwenyewe. Akapindua sanduku, akalitikisa.

"Pesa iko wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa, Sifuna... alinilipia."

"Mimi sijauliza habari ya ugonjwa. Nimetia mafuta ya Busia kwenye gari. Nani anarudisha?"

"Utanioa bado?"

Aliniangalia juu mpaka chini, akacheka.

"Nikuoe na risiti?"

Akaondoka. Alichukua hata msumeno wake!

Ningeweza kukimbia. Begi lilikuwa mlangoni. Lakini niende wapi, na nauli yenyewe nilikuwa naitegemea humo sandukuni? Nikabaki pale sakafuni, na saa kumi na moja nikasikia viatu vyake kwenye veranda. Alikuwa anaimba.

Mlango ukafunguliwa.

"Banange Nerima! Kitambulisho yangu imepatikana!"

Mkono mmoja kadi. Mkono mwingine mfuko wa kaveera wenye rolex mbili za moto, mayai na chapati, harufu ikajaa chumba. Alikuwa ametoka kulipa wiki ya mwisho. Deni lilikuwa limebaki elfu tisini na nane, kwa hiyo kwenye ile laki na elfu nne zilibaki elfu sita. Na hizo elfu sita, za kwanza kubaki mkononi mwake tangu nipasuliwe, alininunulia chakula.

Akaona kufuli. Akaona risiti. Akaona begi.

Wimbo ukaishia hapo.

"Dada Aminah... kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema afadhali ufe kuliko kudaiwa."

"Na chati? Uliendelea kupaka!"

"Chati haikudanganya. Kila wiki nimelipa."

Hakulia. Hakupiga kelele, majirani hawakujua lolote. Aliweka rolex moja mbele yangu, akakaa kitandani kwake na ile ya pili. Halafu akaniita kwa neno ambalo hakuwahi kuniita hata siku moja, lile analowaita wateja asiowajua.

"Nyabo. Kula, imeshanunuliwa. Halafu utoke."

Nilikula. Mnisamehe, nilikuwa na njaa. Nilimeza machozi na mayai pamoja huku yeye akipaka chumba cha hamsini na mbili.

Sasa hivi naishi kwa Babra, mwenzangu wa kazini, nalala kwenye godoro jikoni. Nimechora chati yangu. Kila Jumapili namtumia Aminah pesa kwa simu. Nilianza na elfu mbili, kama yeye. Leo ni wiki ya kumi na moja.

Kila Jumapili anairudisha. Anairudisha kamili na ada ya kutuma anailipa mwenyewe, kwa hiyo kila wiki ninayojaribu kumlipa, deni langu linaongezeka.

Bado anauza vitambaa vya watu Kisenyi.

Funzo langu ni hili, na limenigharimu dada. Ukipona, uliza nani alilipa. Uliza siku hiyohiyo, kabla hujaanza kupiga hesabu ya sanduku la mtu.

Haya, tukaneni sasa.