Viatu vya Gari la Papa Josaphat

Kila asubuhi ya likizo, kabla ya chai, Chancelle alikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja na kubishana na mdogo wake Osée. Kazi ya kwanza aliifanya kwa haraka. Ya pili aliifanya kwa moyo wake wote.

Ubishi wa wiki hiyo ulihusu gari la baba yao, Toyota ya zamani iliyolala kando ya jiko. Jumamosi gari hilo lingembeba Tantine Débora, dada mdogo wa baba, kutoka nyumbani kwao Nyakasanza hadi kanisani mtaa wa Lumumba, akiwa na gauni lake jeupe la harusi. Fundi Kule, aliyehamia Bunia kutoka Butembo na spana zake zote ndani ya gunia moja, alikuwa ameahidi zawadi: ama matairi manne, ama amotisere nne, vile vyuma vinavyomeza mashimo ya barabara ili abiria wasirushwe.

"Moja tu," Kule alikuwa amesema. "Mi si papa ya bibi-arusi."

"Papa, omba amotisere," alisema Chancelle. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alisoma shule ya bweni, na kwa hiyo alijua kila kitu. "Mutuka bila amotisere ni ngoma. Tantine atafika kanisani bila meno."

"Ya maana ni mupira," alisema Osée. "Mupira njo inagusa njia. Amotisere inagusa nini?"

"Weye ulishaendesha mutuka gani?"

"Ile ile uliendesha weye, Yaya," Osée alimjibu dada yake.

Papa Josaphat, baba yao, alicheka. Matairi yeye aliyaita viatu, na nyumba nzima ilikuwa imezoea. "Basi, Chancelle, kwa sababu weye njo mwenye kujua, uangalie viatu ya mutuka. Kama iko muzuri, tutaomba amotisere. Kama imeisha, tutaomba viatu. Mi naenda soko."

Chancelle alichuchumaa mbele ya gari. Hakuhitaji kuangalia sana. Mifereji ya matairi ilikuwa imekwisha kabisa; yale mawili ya mbele yalikuwa laini kama kokwa la parachichi. Maana yake Osée angeshinda, na angeimba ushindi wake mpaka Krismasi.

Shuleni kwa Chancelle, kila Jumatatu Sista Godelive alikagua viatu. Kiatu cha kulia cha Chancelle kilikuwa na tundu chini la kuingiza kidole, lakini juu kiling'aa hivi kwamba Sista alikitumia kuwaaibisha wengine. Tangu hapo Chancelle aliiheshimu siraji, ile rangi ya kung'arisha viatu, kuliko masomo yote ya sayansi.

Basi alileta kopo lake la siraji na brashi, akayapaka matairi ubavuni, moja baada ya jingine, kwa unyenyekevu wa mtu anayeosha miguu ya askofu. Alipomaliza, yalikuwa meusi ya kupendeza.

Papa aliporudi aliyatazama akiwa amesimama, kama Sista Godelive.

"Viatu iko namna gani?"

"Inang'aa, Papa."

Huo haukuwa uongo. Ulikuwa tu jirani yake wa karibu sana.

Ijumaa asubuhi Kule alikuja na amotisere. Alipofungua gurudumu la kwanza alipitisha kiganja juu ya tairi, akakunja uso. Papa alikuwa ndani akijaribu suti.

"Mutoto wangu, papa yako ameona hizi mupira?"

"Ameona, Papa Kule."

Na kweli, alikuwa ameyaona. "Basi," alisema Kule, "pengine iko na zingine ya kuvalisha kesho." Akaendelea na kazi.

Mchana mvua ilinyesha. Ilipokatika, Papa alitaka kujaribu gari. Alichukua beseni la mama, akalijaza maji, akaliweka kwenye kiti cha nyuma kati ya watoto wawili.

"Huyu njo Débora," alisema. "Tuone kama atamwagika."

Walipita mashimo yote ya Lumumba. Gari lilizama na kuinuka polepole kama mtu anayepumua usingizini. Hata tone moja halikumwagika. Chancelle alimtazama Osée kama hakimu anayemhurumia mshitakiwa.

Kisha wakafika kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Bata mmoja aliingia njiani. Papa alikanyaga breki kidogo tu, na magurudumu yakasimama, lakini gari halikusimama. Liligeuka upande, bila haraka, kama mtu anayegeuka kusalimia jirani, likashuka hivyo hivyo mpaka mfereji wa kando ukalipokea. Bata alipita salama. Maji yote ya beseni yalikuwa juu ya Chancelle.

"Tantine amemwagika," alisema Osée kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyeumia. Watu walikusanyika, na Kule, aliyepigiwa simu, akafika kwa pikipiki.

"Ndugu Kule, umenipa amotisere ya namna gani?" Papa aliuliza mbele ya wote. "Mutuka inajiendea yenyewe. Kesho nabeba dada yangu ndani ya hii."

Mama mmoja aliyebeba kapu la nyanya alitikisa kichwa. "Na mi nilitaka kumupelekea mutuka ya bwana yangu," alisema. "Nitatafuta fundi mwingine."

Kule aliyatazama matairi. Kisha alimtazama Chancelle. Chancelle akaona ingekuwa nafuu kama angempigia kelele. Maji yalimchuruzika shingoni. Angeweza kukaa kimya. Bata hangesema, na gari halina mdomo. Lakini mama wa nyanya alikuwa ameanza kuondoka.

"Mama, ungoje," alisema Chancelle. "Papa, haiko amotisere. Ni viatu. Imeisha kabisa, na mi niliona. Nikaipaka siraji. Papa Kule aliniuliza kama umeona, nikasema ndiyo."

Papa aliinama, akapitisha mkono chini ya tairi kwa mara ya kwanza. Alipoinuka aliangalia kiti cha nyuma, pale beseni lilipokuwa limepinduka. Alimgeukia Kule.

"Ndugu yangu, nimekusemea vibaya mbele ya watu. Mbele yao nakuomba musamaha."

"Ile maneno imeisha," alisema Kule, na mama wa nyanya akaweka kapu chini asikie vizuri. "Amotisere kazi yake ni kukandamiza mupira kwa njia, isirukeruke. Lakini mupira yenyewe njo inashika udongo. Kama haina meno, amotisere itakandamiza nini? Kuanza viatu, kisha amotisere." Akafungua gunia lake. "Na nilisema moja tu. Amotisere yangu inarudi kwangu."

Jumamosi gari lilishuka mteremko ule likiwa na matairi mapya ya zawadi na amotisere zake za zamani. Lilishika tope kama mjusi ukutani. Lakini kwenye mashimo lilikuwa ngoma kweli, na adhabu ya Chancelle ilikuwa kukaa karibu na bibi-arusi na kushikilia taji lake kila shimo. Tantine Débora alifika kanisani na meno yake yote, akicheka.

Kwenye karamu, Papa alimwita Chancelle pembeni.

"Mutoto wangu, kile kinang'aa juu ni cha macho ya watu. Kile kiko chini, watu hawaoni, njo kinatubeba. Ukificha ubovu wa chini, yule anayekuamini njo ataanguka. Ungemwangusha tantine yako na jina ya Kule kwa siku moja. Lakini ulisema mbele ya watu, na ile ilikuwa nguvu. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Muzuri. Sasa uinue muguu wa kuume."

Chancelle aliuangalia mguu wake. Kiatu kiling'aa kama kioo. Akauinua taratibu, na kidole chake gumba kikamsalimia Papa Josaphat kupitia lile tundu.

Papa alicheka mpaka suti ikamkaza. "Jumatatu, mbele ya kurudi masomo," alisema, "tutapita kwa fundi viatu. Na ile siraji utaniachia miye."