Kontena la Bi Time

Kila asubuhi Bi Time wa Tibirinzi alifagia kiwanja, akachemsha chai ya mchaichai, kisha akaketi barazani kusema uongo. Hakuwa mwongo tangu zamani, maskini. Uongo huu ulimjia uzeeni.

Ulianza siku aliporudi binti yake, Ruweida. Ruweida alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Alikaa huko mwaka mmoja na miezi minne. Akarudi na mfuko mmoja wa plastiki, ndani mna kanga na mswaki. Na kwetu Pemba, mtu akirudi ng'ambo majirani huja kumjulia hali. Jicho moja humtazama yeye, la pili hutazama mizigo.

"Mizigo iko wapi?" aliuliza jirani yao, Bi Mwanawema.

"Inakuja na meli," alijibu Bi Time, kabla binti yake hajafungua mdomo.

Angeachia hapo, yangekwisha. Lakini watu waliuliza tena, na Bi Time hapendi kumnyima mtu jibu. Sanduku moja likawa matatu. Masanduku matatu yakawa kontena. Kufikia Ijumaa, kontena lilikuwa na friji ndani. Bi Mwanawema akaiagiza friji hiyo, akagawa na kabati lake la vyombo ili apate pa kuiweka. Mzee Khatib, mwenye duka, aliagiza meno ya bandia. Alileta na kipande cha uzi, kipimo cha mdomo wake.

Ruweida hakucheka. Alijifungia chumbani. Chakula hakimpiti, usingizi haumjii.

"Mama, mie sina kontena," alisema siku moja. "Sina hata nauli ya kwenda Wete. Kwa nini tusiseme kweli?"

"Nyamaza, mwanangu! Stara ni kubwa. Watu wakijua ulifanyishwa kazi bila ya kulipwa, watatucheka mpaka Kisiwa Panza."

Na kulikuwa na Mjaka. Huyu ndiye wakala aliyempeleka Ruweida ng'ambo. Alipiga simu na kutuma ujumbe kila siku. Alidai Ruweida amevunja mkataba, kwa hiyo alipe shilingi milioni tatu za tiketi na viza. Wasipolipa, atawaaibisha mbele ya mtaa mzima.

Bi Time hakuwa na milioni tatu. Alikuwa na mikarafuu saba kule Ole, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mikarafuu hiyo ndiyo iliyowalisha miaka yote. Kwa hofu ya Mjaka, akaamua kuiweka rehani kwa Mzee Khatib.

Mzee Khatib alikuja Jumanne na karatasi yake. Alikaa barazani, akakuna kidevu.

"Bi Time, mie sifahamu. Mwenye kontena zima anawekaje rehani mikarafuu?"

"Forodha," alisema Bi Time haraka. "Wanataka ushuru."

"Milioni tatu! Ushuru wa meno?"

"Meno yako yana dhahabu."

Mzee Khatib alikohoa. Akatazama chini, kisha akatoa kalamu.

Mara pakapigwa hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mkoba begani. Bi Time hakuinua hata kichwa.

"Kama umekuja kuagiza, friji zimekwisha."

"Salaam aleikum, mama. Mie sitaki friji," alisema mgeni. "Naitwa Shamima. Natoka ofisi ya ustawi wa jamii. Waliompokea Ruweida uwanja wa ndege walitupa habari zake, kwa ridhaa yake mwenyewe. Nimekuja kumwona."

Bi Time alitaka kusema Ruweida hayupo. Lakini Ruweida alikuwa amekwisha toka chumbani.

"Twende faragha tuzungumze?" aliuliza Shamima.

"Hapa hapa," alisema Ruweida. "Nimechoka na faragha."

Akakaa mkekani, akasema yote. Aliahidiwa kazi ya kulea mtoto mmoja. Akafanyishwa kazi katika nyumba tatu, alfajiri mpaka usiku wa manane. Alifungiwa mlango, mpaka siku alipopata mwanya akatoroka. Mshahara aliupata miezi miwili tu. Kalamu ya Mzee Khatib ilibaki hewani.

"Ruweida, weye huna kosa," alisema Shamima. "Kumdanganya mtu, kumfungia na kumtumikisha bila ujira ni biashara haramu ya binadamu. Sheria inaikataza. Aibu ni ya waliokufanyia."

"Na milioni tatu za Mjaka?"

"Usilipe hata senti. Deni hilo ndilo kamba yao ya kukufunga, uwaogope hata ukiwa kwenu. Ujumbe anaokutumia usiufute, huo ni ushahidi. Ukikubali, nitakupeleka kwenye dawati la jinsia pale polisi. Tena kuna msaidizi wa sheria. Ataandika madai ya mshahara wako bila ya malipo. Siwezi kukuahidi kuwa utapatikana wote, wala upesi. Lakini haki yako itadaiwa."

"Na usingizi?" aliuliza Ruweida kwa sauti ndogo.

"Kuna mshauri hospitali, katika kituo cha Mkono kwa Mkono. Hulipi. Mwili unapona, na moyo nao unatibiwa."

Bi Time hakuweza kuvumilia. "Lakini stara, mwanangu! Tumeamrishwa stara."

Shamima alimgeukia kwa adabu. "Kweli, mama. Siri ni ya Ruweida, na yeye ndiye wa kuamua aisitiri au aiseme. Lakini weye, kwa kontena lako hili, unamsitiri nani? Mjaka. Yuko mtaani, anatafuta msichana mwengine."

Maneno yale yalimwingia Bi Time. Alidhani anamfunika binti yake, kumbe alimfunika mwizi. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mzee Khatib aliikunja karatasi yake. "Kwa hivyo," aliuliza polepole, "meno hayapo?"

"Hayapo, mzee wangu. Nisamehe."

"Alhamdulillahi! Dhahabu kwa mwanamume ni haramu. Nilikuwa sijui nikukatalie vipi."

Ruweida akacheka. Bi Time alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu binti yake arudi.

Alasiri hiyo, kwa ruhusa ya Ruweida, Bi Time alikwenda kwa Bi Mwanawema. Aliyasema yote kwa pumzi moja. "Friji haipo. Kontena halipo. Mwanangu alitumikishwa kama mtumwa." Kisha akafumba macho, akangoja kuchekwa.

Bi Mwanawema hakucheka. "Nani alompeleka?"

"Mjaka."

Bi Mwanawema akaweka mikono kichwani. "Mwanangu Safaa anaondoka Jumamosi! Mjaka kesha kumkatia tiketi. Mie nlimkubalia kwa ajili ya kontena lenu. Nlisema, wa Time kapata, na wangu naye aende."

Uongo wake mwenyewe ulikuwa karibu kumuuza mtoto wa jirani.

Kesho yake asubuhi walikwenda polisi wote: Ruweida na Shamima, na mama wawili nyuma yao wakigombana nani alie kwanza. Ruweida alieleza, akaonyesha ujumbe wa simu. Ijumaa Mjaka alipokuja kuchukua pasipoti ya Safaa, alikuta polisi wawili wameketi barazani kwa Bi Mwanawema wanakunywa chai. Alijaribu kurudi nyuma. Bi Mwanawema alikuwa amekwisha simama mlangoni, na Bi Mwanawema si mwembamba.

Sasa ni miezi minane. Kesi bado inaendelea. Mshahara wa miezi mitano umepatikana, uliobaki unadaiwa. Safaa anasoma ufundi wa kushona. Mikarafuu saba iko pale pale Ole. Ruweida analala usiku. Aliingia katika kikundi cha kuweka na kukopa, akakopa kidogo, akaanza kuoka mikate. Shamima alimsaidia kufungua akaunti ya benki, kwa jina lake mwenyewe na namba ya siri anayoijua yeye peke yake.

Siku Ruweida aliporudi na kadi ya benki, Bi Time alinyoosha mkono.

"Lete, nikuwekee chini ya godoro."

"Hapana, mama," alisema Ruweida. "Mwaka na miezi minne, kila changu kilishikwa na mtu. Hii nnaishika mwenyewe."

Bi Time aliurudisha mkono. Akasogea karibu na binti yake.

"Basi nipeleke na mie," alisema. "Maana pesa zangu ziko chini ya godoro hilo hilo, na panya keshazijua."

Jumatatu walikwenda benki pamoja, Ruweida mbele.