Mgeni wa Chumba cha Marubani

Mara ya kwanza mwanamke aliyesikiliza alidhani ni mhudumu wa ndege. "Hodi," ilisema sauti kwenye kanda, taratibu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Rubani akajibu, "Karibu." Dakika nne baadaye ndege ikagonga mlima.

Ofisini walimwita Masikio. Kazi yake ilikuwa kusikiliza vinasa sauti vya ndege zilizoanguka na kuandika kila neno, na mwaka huo wakubwa walitaka historia nzima ya ajali zilizoua: miaka arobaini, kanda kumi na saba. Ni kazi ya kuvunja moyo. Aliikubali kwa sababu mdogo wake alikuwa rubani, akajidanganya kwamba anayeijua njia ya mauti anaweza kumkinga nduguye.

Kanda ya pili, hodi. Ya tatu ilikuwa ya ndege ya mizigo, watu wawili tu ndani, hakuna abiria wala mhudumu. Hodi. "Karibu," mmoja akaitikia bila kufikiri, maana ulimi uliofunzwa adabu haungoji ruhusa. Kisha kiti cha nyuma yao, ambacho hakikuwa na mtu, kikatoa mlio kama kimekaliwa.

Alimwita mkuu wa kitengo, akamvisha vipokea sauti.

"Mitambo mikuukuu hiyo," mkuu alisema. "Andika kelele."

"Kelele gani inayobisha hodi, mzee?"

"Andika kelele, mama, tumalize."

Akavivua vipokea sauti, na tangu siku hiyo mkuu hakukanyaga tena chumba kile cha kusikilizia.

Kufikia kanda ya mwisho Masikio alikuwa haogopi tena kwa vipande, aliogopa kwa jumla, kwa sababu sauti ilikuwa ileile, haijazeeka hata siku moja kwa miaka arobaini, na kila ilipokaribishwa ilicheka kichinichini kwa chuki ya mtu anayekula chako huku akikudharau, na chumba kikajaa harufu ya mafuta ya ndege na nywele zilizoungua, saa sita mchana, madirisha wazi, mpaka mayowe yalipokatika na kanda ikabaki kimya, halafu katika kimya kile sauti ikasema, karibu kabisa na sikio lake, "Bado moja, dada."

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemwita dada. Akampigia simu mdogo wake.

"Uko wapi?"

"Naruka sasa hivi, dada. Abiria wameshakaa."

"Nisikilize. Ukisikia hodi humo ndani, usiseme karibu. Hata mgeni wa kawaida, akibisha mara tatu bila jibu, huondoka."

"Umeanza lini uganga?"

"Niapie kwa mama."

"Haya. Naapa. Sisemi karibu."

Masikio alikwenda nyumbani kwa mama yao, akakaa sebuleni na simu mapajani. Jua lilikuwa halijazama mdogo wake alipoingia na sare yake, mzima, kola imelowa jasho. Masikio alimkumbatia akalia kama mtoto, wala hakuona haya.

"Ilibisha?" akamnong'oneza.

"Ilibisha. Mara mbili. Mwenzangu alitaka kuitikia, nikamziba mdomo."

"Na ya tatu?"

"Haikufika ya tatu." Alikwepa macho yake. "Ilikuwa imesimama nyuma ya shingo yangu, dada. Naisikia inavyopumua. Nikaona nisiwe mkorofi, isije ikakasirika, nina watu tisini nyuma. Sikusema karibu. Niliiambia tu hapa ni kazini, wageni tunawapokea nyumbani."

Masikio akageukia mlango.

Hodi yenyewe hawakuisikia. Walichosikia ni mama yao, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu mlangoni, akiitikia kutoka jikoni kwa uchangamfu wake wote:

"Karibu, mwanangu. Pita ndani, uko kwenu."